Bastola imeibwa kwenye gari hapa Virginia, nimebakiwa na masaa 13 ya kuripoti. Niende au ninyamaze?

Mzee_wa_Shifti (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wakuu salama? Nina jambo limenikaa kooni toka jana, sijalala vizuri, naomba tusaidiane, na wale wa kuja kunisimanga wasubiri kwanza nimalize.

Nipo Virginia mwaka wa 9 huu, nina bastola moja tu, nilinunua kihalali kabisa dukani miaka mitatu iliyopita, fomu nikajaza, jina wakalichunguza, nikalipa, basi. Huwa natembea nayo kwenye gari kwa sababu natoka kazini usiku wa manane na maegesho ya pale ni giza totoro. Sasa Jumamosi usiku nimerudi nimechoka balaa nikapitiliza kulala, bastola nikaiacha kwenye kidroo cha dashibodi na (hapa ndio pa kunisimanga) mlango wa gari sikufunga. Jumapili saa 4 asubuhi tunatoka kwenda kanisani naona kidroo kiko wazi, makaratasi yote chini, bastola hakuna, chaja ya simu hakuna, hata zile sarafu za kuegeshea gari wamekomba.

Mke wangu anasema nenda polisi. Jamaa mmoja tunafanya nae kazi anasema nyamaza, ukienda unajipeleka mwenyewe, watakuuliza kwanini gari lilikuwa wazi, alafu ikija kuua mtu jina lako ndio la kwanza kwenye faili. Mwingine ananiambia sheria ya hapa ni masaa 48, ukipitisha ni jela. Yaani kila mtu ana yake.

Cha kuongezea machungu, seriali namba (ile iliyogongwa kwenye bastola yenyewe) sina. Boksi lake nilitupa tulipohama nyumba. Nina greenkadi, nategemea kuomba uraia mwakani, ndio maana naogopa. Nifanyeje?

---

Kijiko_cha_Mwiko

Nenda sasa hivi mkuu, sio kesho. Shemeji ameshakupa jibu na umelipita umekuja kutuuliza sisi.

---

Texas_Hatunaga

Pole sana kaka. Ila ndio maana mimi nakaa Texas, huku hakuna sheria ya namna hiyo, kikiibwa chako ukitaka unaripoti usipotaka unakaa nacho moyoni. Hiyo ya Virginia ni ya kumwadhibu aliyeibiwa, kibaka yuko anakula kuku wewe uliyeibiwa ndio unahesabu masaa. Ingekuwa tv wangekupa masaa 48?

---

Wakili_wa_Kijiweni

Mimi sio wakili jamani, jina ni la utani tu, ila hii sheria naijua kwa sababu iliwahi kunihusu kwa mbali. Ngoja nikae chini niandike vizuri maana naona huyo jamaa wa kazini kwako ameshakuchanganya.

Kwanza jela futa. Virginia ilipitisha hiyo sheria 2020 na adhabu yake ni faini ya kiraia isiyozidi dola 250, sio kosa la jinai. Masaa 48 yanahesabiwa kuanzia pale ULIPOGUNDUA au ulipoambiwa na mtu anayejua kwa uhakika, sio toka kibaka alipofungua gari. Kwahiyo kwako saa ilianza Jumapili saa 4 asubuhi na inaisha kesho saa 4 asubuhi. Unaripoti polisi yeyote wa eneo lako au polisi wa jimbo, wao ndio wanaingiza kwenye ile database ya FBI inayoitwa NCIC, ambayo askari wa jimbo lolote akikamata silaha akiipiga namba inamwambia hii imeibwa wapi.

Pili, na hili jamaa yako halijui kabisa, sheria hiyo hiyo inasema ukiripoti kwa nia njema unalindwa, hushtakiwi wala hudaiwi kwa yale yatakayotokana na kuibwa kwake. Ila habari ya kuacha silaha kizembe mtoto akaifikia, hiyo ina kifungu chake. Kwahiyo ile hofu ya "ikija kuua mtu" ndio sababu ya KWENDA. Ukinyamaza ndio unakuwa huna kitu mkononi.

Na swali la uraia, kuibiwa sio kosa na kuripoti sio kosa. Kwenye ile fomu ya uraia wanauliza makosa na kukamatwa, hawaulizi kama umewahi kuwa mhanga. Ila kama moyo hautulii lipia saa moja ya wakili wa uhamiaji, sio ushauri wa jamaa wa shifti ya usiku. Ila usimsubiri huyo wakili mpaka masaa yakaisha.

---

Mzee_wa_Shifti

Mkuu Wakili Mungu akubariki, ndio kwanza navuta pumzi toka jana. Sasa hiyo namba? Nikienda bila namba si watanicheka?

---

Wakili_wa_Kijiweni

Rudi duka ulilonunua. Ile fomu uliyojaza inaitwa 4473, duka lina wajibu wa kuitunza, na namba ya silaha yako ipo humo. Piga simu asubuhi wakifungua, wakikuta jina lako wanakutajia namba. Serikali kuu haina daftari lenye orodha ya nani anamiliki nini, sheria ya 1986 inakataza, kwahiyo usitegemee kwamba polisi wataitafuta kwa jina lako kwenye kompyuta. Iko kwenye karatasi za duka.

Ila usisubiri namba. Ripoti usiku huu kwa maelezo uliyonayo, aina, rangi, magazini (kile kidude cha kupakilia risasi) ngapi, alafu namba unaiongezea kesho kwenye ripoti ile ile. Bila namba kwenye NCIC hakuna cha kutafutwa, itakuwa ni habari tu ya kwamba uliibiwa.

---

Njeri_Baltimore

Pole sana buda. Hiyo karatasi ya polisi wabongo mnaita RB, sisi kwetu OB, huku ni report namba, ni kitu moja. Enda uchukue.

Mimi niliibiwa yangu nikiwa Maryland, huku ni masaa 72, nikaripoti siku hiyo hiyo. Watu wakaniambia nimejisumbua bure, haitawahi patikana. Na kweli ikakaa, nikasahau kabisa. Kama miaka miwili baadaye napigiwa simu na mpelelezi wa jimbo lingine, sitataja, anasema wamesimamisha gari wakapata yangu chini ya kiti. Swali lake la kwanza hakuniuliza uko wapi ama unamjua fulani. Aliuliza tu, madam, uliripoti lini? Nikamtajia tarehe na namba ya ripoti, akasema sawa, ninaiona hapa, asante. Dakika nne simu imeisha. Sasa jiulize hiyo simu ingeenda aje kama singekuwa na hiyo tarehe.

---

Texas_Hatunaga

Dada nakuelewa na nimefurahi kwako, ila hiyo ni faida ya kuripoti, sio faida ya KULAZIMISHWA kuripoti. Mwenye akili ataripoti hata bila sheria, bima yenyewe haikulipi bila karatasi ya polisi. Mjinga hataripoti hata ukimwekea faini. Sasa sheria inamsaidia nani? Alafu nisikilizeni vizuri, hii sheria haimgusi mhalifu kabisa. Kuna kesi ya 1968, Haynes, ilifika Mahakama ya Juu, jamaa alikuwa na bunduki iliyokatwa mtutu haijasajiliwa, mahakama ikasema huwezi kumwadhibu kwa kutosajili kwa sababu kusajili kwake ni kama kujikiri mwenyewe kosa. Kwahiyo mwenye rekodi ya jinai akiibiwa bastola asiyoruhusiwa kuwa nayo, huwezi kumlazimisha aende polisi akasema "jamani bastola yangu imeibwa". Anayebanwa ni mzee wetu hapa mwenye fomu zake zote safi.

---

Mama_Zawadi_Richmond

Eti mzee wetu. Hajakataa kuwa mzee 😂

---

Wakili_wa_Kijiweni

Texas hoja yako ya Haynes ni ya kweli, na sheria ya Virginia yenyewe imeandikwa hivyo hivyo, inasema aliyekuwa anamiliki KIHALALI. Mhalifu mwenye rekodi hayumo hata kwenye sentensi. Ila umeangalia mlango wa nyuma ukasahau wa mbele, hebu nikupitishe.

Mhalifu mwenye rekodi bastola anaipata wapi? Dukani hawezi, jina lake linagoma. Kwahiyo anamtafuta mtu mwenye jina safi, demu wake au binamu au mtu anayedaiwa pesa, anamnunulia. Huyo wa jina safi ananunua leo moja, mwezi ujao nyingine, anampa jamaa, jamaa anaziuza zinapanda barabara kuu ya I-95 mpaka New York, wenyewe hiyo njia wanaiita bomba la chuma. Virginia ilikuwa chanzo kikubwa kiasi kwamba 1993 wakaweka sheria ya bastola moja tu kwa mwezi, wakaifuta 2012, wakairudisha 2020, mwaka ule ule wa hii ya kuripoti. Sio bahati mbaya.

Sasa bastola ikiokotwa kwenye tukio New York wanafuatilia namba. Namba inapelekwa kituo cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, wao wanampigia mtengenezaji, mtengenezaji anataja muuzaji wa jumla, huyo anataja duka, duka linafungua fomu, jina safi hilo hapo. Askari anagonga mlango. Na jibu la huyo mtu siku zote ni lile lile, "aah hiyo iliibwa". Lini? "Siku nyingi". Mbona hukusema? "Nilisahau". Bila sheria mazungumzo yanaishia hapo, askari anafunga daftari anakwenda zake, hana cha kumfanya. Kukiwa na sheria, "iliibwa" haimtoi tena, ni kukiri kwamba ulijua na hukuripoti. Na akisema hivyo kwa bastola ya tatu hata mahakama itacheka.

Hiyo ndio kazi yake. Hii sheria lengo lake sio mzee aliyechoka akaacha gari wazi, ni kumnyang'anya mnunuzi wa kukodi lile neno moja analojificha nyuma yake. Mzee anaripoti, anapata kinga, kamaliza.

---

Texas_Hatunaga

Nimekupata hapo, sikatai. Ila huyo mnunuzi wa kukodi si anasema tu "ndio kwanza najua leo kwamba haipo"? Saa si inaanza akigundua? Mwendesha mashtaka atathibitishaje aligundua lini? Na dola 250 kwa mtu anayepata mara mbili ya hiyo kwa kila bastola moja ni nauli tu.

---

Wakili_wa_Kijiweni

Hapo umenipata wewe. Neno "aligundua" ndio tundu la hizi sheria zote, nadhani watunga sheria wanalijua ila hawana namna, huwezi kumwadhibu mtu kwa asichokijua. Na faini ni laini kweli. Colorado kosa la kwanza ni dola 25, ishirini na tano mkuu, faini ya kuegesha gari vibaya inazidi. California kosa la kwanza haizidi dola 100, inapanda ukirudia, na mara ya tatu ndio linakuwa kosa la jinai. Ingekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, wa kwanza mguse tu kidogo, anayerudia rudia ndio umshike vizuri, maana mtu wa kawaida haibiwi bastola mara tatu. Virginia kwenye hilo wamelala.

---

Dereva_wa_Ohio

Ivi kwanini kila jimbo na mda wake? Mimi naendesha lori nina silaha ya kihalali nalala jimbo hili naamka lile. New York masaa 24, New Jersey 36, Virginia 48, Maryland 72, California siku tano, Ohio kwangu wanasema mara moja tu bila hata kutaja masaa. Kwanini isiwe sheria moja ya nchi?

---

Wakili_wa_Kijiweni

Ya nchi ipo ila sio yetu sisi raia. Wauzaji wenye leseni toka 1994 wanatakiwa kuripoti kwa ATF na polisi ndani ya masaa 48, wakiibiwa dukani au wakikosa mzigo kwenye hesabu. Raia wa kawaida sheria ya shirikisho haisemi chochote, wamewaachia majimbo, na majimbo mengi hayana. Na hapo ndio kuna kichekesho, duka likipoteza bastola moja ni tarumbeta, wakati wizi mkubwa hauko madukani. Takwimu za ATF zenyewe za 2017 mpaka 2021 zinaonyesha silaha zaidi ya milioni 1 ziliripotiwa kuibwa kutoka kwa watu binafsi, madukani ni kidogo sana ukilinganisha. Na hizo ni zilizoripotiwa tu.

Kwa wewe dereva, usikariri orodha nzima. Ukigundua, piga simu hapo hapo ulipo, hakuna jimbo litakalokulaumu kwa kuwahi. Ila angalia pia sheria za kubeba, New Jersey sio pa kuingia na bastola kichwa kichwa, watu wameingia matatani pale kwa kibali cha jimbo lingine.

---

Mama_Zawadi_Richmond

Mzee mimi nina jingine la kukuambia ambalo wanaume wote humu hawajasema. Hukutaja una watoto wangapi na hukutaja magazini ya pili iko wapi na risasi ziko wapi. Nenda katazame. Na kabla hujaapa kwa polisi kwamba imeibwa, umemuuliza kila mtu humo ndani? Simaanishi vibaya, mdogo wangu alilia siku mbili ameibiwa kumbe mumewe alihamishia juu ya kabati asiseme. Ukiripoti uongo ni kosa lingine na hilo ndio la jinai.

Na ikipatikana, popote, hata wewe mwenyewe ukiikuta kwenye kichaka, rudi uwaambie waifute. Usipofanya hivyo inabaki kwenye kompyuta yao kwamba imeibwa, siku unasimamishwa barabarani na bastola yako mwenyewe unalazwa chini kama mwizi.

---

Mzee_wa_Shifti

Dada nina wawili, 6 na 11, na umenifanya nimeinuka kwenye kiti. Magazini ya pili nimeikuta kwenye mfuko wa koti la baridi lililokuwa linaning'inia mlangoni. Na risasi ndani. Sina la kusema hapo.

Nyumbani nimeuliza wote, hakuna aliyegusa, na chaja nayo haipo kwahiyo ni kibaka. Navaa viatu nakwenda.

---

Kijiko_cha_Mwiko

Hatimaye.

---

Njeri_Baltimore

Piga ile namba yao ya kawaida kwanza, si ya dharura, uulize kama watakuja ama uende. Na usiende ukiongea ati "sijui labda imeibwa labda nimeisahau mahali". Sema vile ulivyotuandikia hapa, saa, siku, ulipoacha, ulichokosa. Hata chaja usisahau kutaja.

---

Mzee_wa_Shifti (Jumanne, saa 8 mchana)

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Sikwenda, walikuja wao. Nimepiga simu saa 4 na nusu usiku, saa 5 na robo kijana mmoja wa polisi yuko mlangoni na kamera kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa, hata hotuba nilikuwa nayo. Hakunisimanga. Aliuliza mlango ulikuwa umefungwa, nikasema hapana, akaandika "hapana" akaendelea, kama vile nimemwambia gari ni la bluu. Akasema wiki hii mtaa wetu yangu ni ya nne, wote milango ilikuwa wazi, vibaka wanapita tu wanajaribu vitasa, hata vioo hawavunji siku hizi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu wamechukua mbili. Jirani yule tunasalimiana kila siku sikuwahi kujua kama ana bastola na yeye hajui kama mimi nilikuwa nayo.

Asubuhi nimepiga duka. Nilidhani watazungusha, yule dada wa kaunta ameniweka kwenye simu kama dakika kumi na tano nasikia muziki, kisha akarudi akanisomea namba herufi kwa herufi, mara mbili. Saa 3 na dakika 20 nimeshaipeleka kwa yule kijana, ameniambia imeingia kwenye mfumo. Nilikuwa nimebakiwa na dakika 40. Nina karatasi, nimeiweka kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.

Jamaa wa kazini nimemwambia. Kasema "utaona". Sawa tutaona.

Bado sijaamua kama nanunua nyingine. Mke wangu yeye ameshaamua.

---

Texas_Hatunaga

Safi mzee. Nabaki na msimamo wangu kuhusu sheria ila nimefurahi umekwenda. Ukinunua nyingine nunua na kile kisanduku cha chuma cha kufungwa kwa kebo chini ya kiti, sio ghali hivyo. Na namba piga picha leo leo.

---

Wakili_wa_Kijiweni

Colorado toka Januari 2025 hicho kisanduku ni sheria, bastola kwenye gari usilokuwemo lazima iwe ndani ya kitu kigumu kilichofungwa kisichoonekana na gari lenyewe limefungwa. Hapo ndio naona mambo yanaelekea, kwa sababu kuripoti ni baada ya maji kumwagika.

---

Msafiri_Philly

Nimesoma uzi wote. Mimi niko Philadelphia, yangu ilipotea mwezi uliopita kwenye kuhama, sina hakika kama imeibwa au iko kwenye boksi ambalo sijafungua. Nilisikia huku kuna sheria ya masaa 24, nikawa naogopa kwamba nimeshachelewa kwahiyo nimekaa kimya mpaka leo.

---

Wakili_wa_Kijiweni

Hiyo ya masaa 24 ilikuwa ya jiji, sio ya jimbo, na Pennsylvania ina sheria ya zamani inayokataza miji kutunga sheria zake za silaha. Mahakama ya jimbo iliizuia 2022. Kwahiyo kwa ninavyojua hakuna wa kukupiga faini kwa kuchelewa. Umenyamaza mwezi mzima kwa kuogopa sheria isiyofanya kazi, na bado hujui bastola yako iko wapi.

Una maboksi mangapi hujafungua?

---

Msafiri_Philly

Kumi na moja.

---

Mama_Zawadi_Richmond

Weka simu chini baba.